Tepe ya Tatu

Nikutegee kitendawili kimoja: anafundisha miaka sita, na ukifungua vitabu hajafundisha hata mtu mmoja. Nani? Usijisumbue, nakupa. Ni Koplo Boitshepo, fundi wa malori katika kambi niliyopikia chai mpaka magoti yakakataa.

Boitshepo aliupata ufundi kwa njia ya zamani, miaka mitatu chini ya gari akimpokeza sajini spana. Kisha ukaja mpango mpya: miezi tisa darasani, cheti, halafu wiki sita kambini za kushika kazi. Hizo wiki sita alifundisha yeye. Ila daftari la mwanafunzi lazima litiwe saini na mwenye cheti, basi akawa anatia Luteni wa stoo, asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi. Na vyeo vikawa vinahesabiwa kwa cheti na saini.

Mwaka ule nafasi ya sajini, yaani tepe ya tatu begani, ilikuwa moja. Boitshepo asipoipata, umri wa ukoplo umemwishia, anarudi nyumbani. Aliyeshindana naye ni Koplo Tshenolo, mwenye cheti, mwanafunzi wake mwenyewe.

"Mma, ukishindwa usininyime mkate," Tshenolo alimtania asubuhi ya mtihani wa nafasi hiyo, wanakunywa chai kwangu. Kwetu mwanamke wa heshima huitwa Mma, mwanamume Rra.

"Nitakunyima na chai. Hebu simama, umevaa kama gunia la mtama."

Akamfunga kifungo cha shingo kwa mkono wake. Mtu anamwandaa wa kumpiku, nikaona kwa macho yangu.

Meja Ditiro, msimamizi kutoka makao makuu, alikuwa ameweka uwanjani malori mawili yanayokohoa. Boitshepo akaanza. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho.

"Silinda ya nne, Afande. Nozeli."

Wakafungua, ikawa hivyo. Meja akakubali kwa kichwa.

"Kazi nzuri, Mma. Lakini hapa pa idadi ya uliowafundisha pameandikwa sifuri. Sina pa kukubebea."

Ikafika zamu ya Tshenolo. Naye bisibisi, naye sikio, naye macho akafumba. "Pampu ya maji, Rra. Beringi imekufa." Sawa tena.

Meja akapekua kitabu cha chuo mpaka jalada la nyuma. "Hii ya bisibisi haimo humu. Daftari lako linasema umefundishwa na Luteni. Ni nani hasa aliyekufundisha?"

Tshenolo akaitazama bisibisi mkononi mwake. Akisema saini si ya mwalimu wake, daftari linafutwa na nafasi inamtoka. Luteni alikuwa palepale, anajikuna kidevu. Boitshepo aliangalia matairi. Hakumtupia kijana jicho hata mara moja, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Mimi nilisimama na birika, chai inapoa.

"Koplo, nimekuuliza."

Tshenolo akakaza visigino.

"Huyu hapa, Rra. Mma Boitshepo. Luteni alitoa wino tu. Ametufundisha mimi na wenzangu kumi na wanane. Andika kumi na tisa."