Friji Iliyobebwa Kwapani

Mume wangu alitoka asubuhi kwenda kununua friji, akarudi saa nane mchana amebeba friji yenyewe kwapani.

Mimi nilishahamisha meza. Nilishafagia ile kona, nikapiga deki na kutandika magazeti ili miguu ya friji isikwaruze sakafu. Nikamtazama anavyoingia na boksi lake dogo, kisha nikachungulia nyuma yake kama kuna mkokoteni unakuja. Mkokoteni haukuwepo. Alikuwepo paka wa jirani, naye alikuwa na shughuli zake.

"Baba watoto," nikamwambia, "hiyo friji ni ya kugandisha nini, vitunguu saumu?"

Akakaa kwenye kiti, boksi mapajani.

"Kaa kwanza, mama watoto."

"Nimekaa na wewe miaka arobaini na mmoja. Sema tu."

Akafunua boksi, akafunua karatasi laini, na ndani ya karatasi vikalala viatu. Vya kiume, rangi ya kahawa iliyokolea, vinang'aa kwa adabu, si kwa kelele. Sitaki kuwa mwongo: vilikuwa vizuri. Lakini mimi nilikuwa nataka friji.

Hamjui shida yangu, ngoja niwaeleze. Nyama yangu ilikuwa inalala kwa jirani. Jirani yangu ni mwema sana, ila wema wake una kipaza sauti. Anasimama uani kwake anaita, "Mama, kile kichwa cha samaki chako cha wiki iliyopita bado kipo, nikitupe?" Mtaa mzima unajua nimekula nini na nimebakiza nini. Ndiyo maana watoto wangu wawili walichanga nusu, baba yao akaongeza nusu aliyoikusanya kwa kugonga visigino mwaka mzima, tukatia kwenye bahasha. Bahasha ikatoka nyumbani ni friji, ikafika mjini ikawa viatu.

"Saizi gani?" nikauliza.

"Arobaini na tatu."

"Wewe unavaa arobaini."

"Sivivai."

"Anavivaa nani?"

"Hakuna. Ni vya kufumua."

Mzee wangu ni fundi viatu. Chumba chake cha kazi ndicho cha mbele, dirisha lake linatazama barabara, na wapita njia wanamwita Daktari Soli. Amefufua viatu ambavyo wenyewe walishavilia na kuvisamehe. Yeye mwenyewe anatembea na ndala, maana mganga hajigangi. Sasa huyu daktari akakiinua kiatu cha kushoto, akanionyesha pale mbele, juu ya vidole, palipokuwa na mshono unaozunguka kama mshipa chini ya ngozi ya mkono.

"Tafuta uzi," akaniambia.

Nikautafuta nje, haupo. Nikatia vidole ndani nikapapasa, haupo. Ngozi mbili zimeshikana na kilichozishikanisha hakionekani.

"Mshono unapita katikati ya unene wa ngozi," akasema. "Unaingia ubavuni, unatokea ubavuni. Hautoboi juu, hautoboi chini. Sasa niambie, ni sindano gani inaweza kupinda hivyo?"

"Niambie wewe, fundi."

"Sijui. Ndiyo maana nimenunua."

Akanieleza kwamba zamani, yeye mwenyewe akiwa bado kijana anajifunza kazi, wakili mmoja alileta kiatu cha namna hiyo kubadilishwa kisigino tu. Akaona ule mshono, akamuuliza mwalimu wake, mwalimu akajibu ni mashine, acha maswali ushike nyundo. Yeye hakuamini. Tangu hapo kila kiatu cha namna ile kilichopita mikononi mwake kilikuwa cha watu, na cha watu hakichanwi. Sasa atafumua cha kushoto, na cha kulia atakiacha kizima kiwe shahidi, cha kumwonyesha kilivyokuwa.

Sikulia. Nilicheka, kile kicheko ambacho wanaume wenye akili wakikisikia wanatafuta kofia. Kisha nikawapigia watoto simu.

Kikao kilikaa Jumanne, walipotoka kazini. Kijana wangu ni karani, na karani akishika risiti ni kama mwindaji ameona nyayo. Akaisoma mbele, akaigeuza.

"Siku saba," akasema. "Ndani ya siku saba wanarudisha pesa, mradi viatu havijavaliwa. Jumamosi nitavirudisha mwenyewe. Baba, samahani, lakini mtu mzima anaendaje kununua friji halafu ananunua kitu cha kuchana?"

Baba yake akawa anatazama mikono yake.

"Ni anasa tu, baba," kijana akaendelea. "Pesa haina adabu usipoifunza adabu."

Hapo nikawashwa na ulimi. Mimi nilikuwa upande wake, lakini nyani kuhutubia mwenzake habari za kundu, nikashindwa.

"Mwanangu," nikasema, "hivi zile spika ulizofunga kwenye gari ni ngapi?"

"Mama, hizo ni tofauti."

"Najua ni tofauti. Zina bei kuliko gari."

Dada yake akacheka. Huyu ni muuguzi, siku hiyo kichwani alikuwa na nywele zilizomfika kiunoni, na juzi yake zilikuwa zimeishia shingoni.

"Usicheke wewe," nikamwambia. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wewe unazo za Jumatatu, za Jumatano na za harusi."

"Haya, na wewe mama? Ile seti ya chai ya kabatini, yenye ukingo wa dhahabu?"

"Ile ni ya wageni."

"Wageni gani? Nina miaka thelathini na sita, sijamwona mgeni wa kiwango hicho. Alikuja padri ukampa kikombe cha plastiki."

"Padri alikuwa na haraka," nikasema, na mzee wangu akaficha mdomo kwa kiganja.

Basi tulicheka, lakini hukumu ikabaki palepale. Viatu vinarudi Jumamosi. Na kwa kuwa mshitakiwa si wa kuaminika na kisu chake, boksi likawekwa chini ya ulinzi wangu. Nikalifungia sandukuni, ufunguo nikautia kifuani, mahali ambapo mzee huyu ana haki zote za kufika ila siku hizi anapita mbali.

Nilitegemea atanibembeleza. Au atanuna, nikajua cha kufanya, maana kununa kwake nakufahamu, dawa yake ni uji wenye sukari ya kutosha. Hakubembeleza wala hakununa. Jumatano alifanya kazi, alikula, alisema ahsante. Mtu akisema ahsante mara tatu kwa siku kwa mke wake wa miaka arobaini na mmoja, kuna kitu kimekatika mahali.

Alhamisi asubuhi nikampelekea chai. Alikuwa ameketi dirishani, jua linamwangukia, anapitisha uzi kwenye sindano. Nikasimama mlangoni. Akaulamba uzi, akaukosa. Akaulamba tena, akapitishia pembeni, akavuta hewa akidhani amevuta uzi. Mara ya tano akaweka sindano chini, akafuta miwani ambayo haikuwa na doa.

Nikaweka chai, nikachukua sindano, nikapitisha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua zilizopita. Daktari wa macho anasema la kulia limeshaanza kufunga, na la kushoto litalifuata mwenzake."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeniondoa kwenye kisu." Akanywa chai kidogo. "Nikizunguka na jua hapa dirishani bado naona. Mwakani sijui. Ule mshono nataka niufumue mimi, nisije nikasimuliwa. Lakini na wewe friji yako ni haki yako, siwezi kusema si haki. Nilikosa. Nilipita pale dukani nikiwa na bahasha, nikaviona kwenye kioo, miguu ikaingia yenyewe."

Nikarudi chumbani, nikafungua sanduku, nikakaa kitandani na kile kiatu cha kushoto. Nikapitisha ukucha juu ya ule mshono, nikautafuta uzi kama nusu saa. Halafu nikafikiria friji. Niliifikiria kwa haki kabisa, na mlango wake, na taa yake ya ndani inayowaka ukifungua. Friji naitaka. Naitaka hata leo ninapoandika haya.

Jumamosi kijana akaja mbio, funguo za gari mkononi, lile gari nje linatetemesha mabati kwa muziki.

"Mama, boksi. Duka linafungwa mchana."

Nikalileta, nikalifunua.

"Hivi mwanangu, wewe si unavaa arobaini na tatu?"

"Ndiyo, kwa nini?"

"Basi tu. Tangu harusi yako sijakuona na viatu vya maana. Tia mguu nikuone, halafu upeleke."

"Mama, nimechelewa."

"Mguu nao unachukua saa ngapi?"

Akavua vyake, akatia mguu mmoja. Nikaona uso unalainika. Akatia wa pili, akasimama, akajitazama chini kama aliyekutana na mtu mashuhuri.

"Tembea kidogo, mpaka getini. Kuna viatu vinapendeza vikisimama, vikitembea vinakuaibisha."

Akatembea mpaka getini, akarudi. Hapo mzee alishatoka chumba cha kazi, amesimama mlangoni, mdomo umeanza kufunguka. Nikamtupia jicho. Akaufunga.

"Havikubani hapo kwenye vidole?" nikamuuliza kijana.

"Wala."

"Chuchumaa basi. Kiatu kinachobana kinajulikana mtu akichuchumaa."

Akachuchumaa, suruali ya ofisi na yote. Akainuka, akavua, akavifuta soli kwa kitambaa, karani yule hana uchafu, akavirudisha kwenye karatasi laini na kuondoka.

Mzee akabaki ananitazama.

"Mama watoto. Umeishi na fundi miaka arobaini na mmoja."

"Na siku kadhaa."

"Unajua ngozi mpya ikikunjwa mara moja tu inafanyaje."

"Mimi najua nini," nikasema. "Niliishia darasa la saba, na hesabu zenyewe nilikuwa nanakili."

Nikaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Saa sita na nusu kijana alirudi na boksi, uso umemkunjika kuliko viatu.

"Wamekataa. Yule dada wa dukani hata soli hakutazama. Amepeleka pua ya kiatu kwenye mwanga, akapitisha kidole, akasema hivi vimekunjwa, vina mikunjo mitatu. Mama, mikunjo mitatu kwa kwenda getini na kurudi?"

"Maskini. Watu wa mjini wana roho ngumu."

Akanitazama. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, si mjinga. Lakini akili yake ilikuwa imeshatangulia kwingine, kwa sababu alikuwa amelishikilia lile boksi kifuani.

"Basi nitavichukua mimi," akasema. "Vinanitosha. Nitawalipa kidogo kidogo, mama anapata friji yake, yanaisha."

Hili sikulitegemea. Nilikuwa nimechimba shimo kwa duka, amedondokea mwanangu. Na nilivyomjua mzee, angempa. Alishanyoosha mkono wake kumpiga mtoto begani, anatabasamu lile tabasamu la wazazi la kusema haidhuru.

"Vichukue, mwanangu," akasema. "Vimekupendeza."

"Havichukui," nikasema mimi. "Kaa chini."

Nikamweleza. Macho ya baba yake, la kulia na la kushoto. Sindano ya Alhamisi. Mzee akawa ananikonyeza ninyamaze, mimi nikaendelea, maana siri ya macho huwezi kuitunza ndani ya nyumba yenye ngazi mbili na sufuria za moto. Kijana akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka boksi mezani kwa baba yake, akatoka nje, nikadhani ameondoka. Alikuwa amekwenda kuzima muziki.

Akarudi amekunja mikono ya shati.

"Unaanzia wapi, baba?"

Walianza saa ileile. Kijana akashika kioo cha kukuzia, mzee akashika kisu, akakata cha kushoto ubavuni taratibu. Mimi nilifumba macho pale ngozi ilipoachia. Mtu anaweza kukubali jambo bila kulitazama.

Ilimchukua mpaka Jumanne, anafanya kazi kwa saa zile tu ambazo jua liko dirishani. Sehemu mshono unapomalizikia akakuta kitu kimevunjikia mle ndani: singa, unywele mgumu wa mnyama, umesokotwa pamoja na ncha ya uzi na kupakwa nta. Hakuna sindano. Waliokishona walitoboa njia kwa msumari mdogo uliopinda, wakapitisha unywele, na unywele unapinda njia inavyopinda. Mzee akacheka peke yake mle ndani. Akachukua brashi yake ya kung'arishia, akang'oa singa moja.

Jioni hiyo aliniita. Alikuwa na vipande viwili vya ngozi chakavu vimeunganishwa kwa mishono miwili, akanipa.

Wa kwanza ulikuwa umepasua ngozi na kutokeza nje, uzi unaning'inia.

"Mbaya," nikasema.

"Mbaya sana," akasema, kwa furaha ambayo sijaiona usoni kwake tangu binti yetu alipozaliwa. "Na wa pili?"

Nikapitisha ukucha juu. Nikapitisha ndani. Nikakigeuza kile kipande kwenye mwanga, nikavuta ngozi huku na huku, hazikuachana.

"Sijaupata," nikamwambia.

Akaninyang'anya, akaburuta kiti chake karibu zaidi na dirisha, akaanza wa tatu jua likiwa bado lipo.