Kiu ya Daktari Kufuli

Pale kliniki walimwita Daktari Kufuli, na jina lilimkaa. Siri ya mgonjwa ikiingia sikioni mwake ndiyo imezikwa. Hata mumewe, habari za mtaa alizipata kwa muuza duka. Lakini kufuli nalo lina siku yake.

Mwezi wa tatu alikuja babu yake, fundi saa mstaafu, analalamikia kiu isiyokwisha. Kupima, sukari hiyoo, iko juu! Babu akamshika mkono. "Mke mdogo," alisema, maana hakuacha kumtania, "bibi yako asijue. Ana roho nyepesi yule, atatangulia yeye." Wiki ya pili akaja bibi. Kiu ile ile, sukari ile ile. "Babu yako asijue, mjukuu wangu. Yule akiingiwa na hofu hali, halali."

"Basi niruhusu nimwambie mimi," Kufuli alimbembeleza kila mmoja kwa wakati wake. Wote wakakataa katakata. Na bila ruhusa ya mgonjwa daktari hasemi, hata kama mgonjwa ndiye aliyemlea.

Dawa wakameza, sukari ikagoma kushuka. Kidonda kwenye kidole cha mguu cha babu hakikutaka kupona, na Kufuli akaanza kukiota kidole kile kimekatwa. Sababu aliijua, ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu waoane, wazee wale hakuna aliyejitilia sukari mwenyewe: huyu humkorogea yule vijiko vitatu, na yule humkorogea huyu. Sasa kila mmoja aliendelea kukoroga ili asishtukiwe, na kila mmoja akaendelea kunywa ili asishtukiwe. Mapenzi gani haya, jamani! Wanauana kwa adabu.

Jumapili akaenda kuwasalimu. Chai ikaletwa. Vijiko vitatu kwa babu, vitatu kwa bibi. Babu akainua kikombe huku akimtupia mjukuu jicho la kuomba. Bibi naye, jicho lile lile. Kufuli akahisi mdomo unataka kufunguka wenyewe.

"Lete hicho!" Akampokonya babu kikombe, akakigugumia. Akageukia cha bibi, nacho akakimaliza. "Nisameheni wazee wangu, nina kiu."

Wakamiminiana tena, wakakorogeana tena. Akanywa tena vyote viwili. Mara ya tatu jasho linamtiririka, tumbo limejaa ndi, akanywa.

Bibi akaweka birika chini, machozi yanamlengalenga. "Mjukuu wangu, kiu hii si bure. Kapime sukari, nakuomba! Mimi nilianza hivi hivi..." Akajiziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

Babu akamkazia macho. "Ulianza lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Hata mimi."

Bibi akalinyakua bakuli la sukari mezani. "Na vijiko vyangu vitatu ulikuwa unavinywa?"

"Ningekukataliaje? Na vyangu je?"

"Nilikuwa nakunywa."

Wakacheka huku wanalia. Bibi akainama, akakishika kidole chenye bandeji ambacho babu alimwambia alijikwaa tu. Kisha wote wawili wakageuka kwa pamoja.

"Na wewe ulikuwa unajua!"

"Kujua nini?" akasema Daktari Kufuli, keshasimama, mapaja kayabana. "Mimi nataka choo tu."