Kipimo Alichokionja Mama Mkwe

Mimi Jovitha siwezi kukaa na jambo moyoni. Ndiyo maana siku niliyomkuta mama mkwe wangu, Kantengwa, anafua vitambaa vya damu nyuma ya migomba, nilitaka kupasuka. Mwanamke ameacha kuona siku zake mwaka wa nne huu, damu ya nini tena?

"Nyamaza," akaniambia. "Na Mbonimpa asijue." Mbonimpa ndiye mume wangu, kitindamimba wake.

Nikamsihi twende zahanati. Wee! Alinijia juu: yeye kazaa watoto tisa, hakuna aliyemchungulia, aanze leo uzeeni? Nililia kwa hasira. Nilimpenda yule mama, jamani. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Huyu ndiye aliyenifundisha hata kupika ndizi.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Pale kliniki ya Nyaishozi, sista Eustadia akatutangazia wajawazito kwamba Alhamisi anakuja daktari mwanamke, kupima saratani ya mlango wa kizazi. Anayetaka aje, mwenye mimba na asiye na mimba. Benchi zima likaguna. Jirani yangu Placidia akasema mlango ukichokolewa mtoto anatoka. Mwingine akasema huo ni ugonjwa wa wanawake wa mjini. Sista akacheka: unaweza kuwa nao na usiumwe popote, wanaangalia, wanachukua utelezi kidogo, mtoto haguswi. Nilimwamini nusu. Lakini nilibaki nyuma nikamnong'oneza habari za vile vitambaa.

Nyumbani nikaingia uso nimeukunja. "Mama, Alhamisi napimwa mlango wa kizazi. Ni lazima. Naogopa, nisindikize."

Hiyo "lazima" niliitia mwenyewe. Kantengwa akashika kiuno. "Mjukuu wangu wamchokonoe?"

Alhamisi alinitangulia njiani, mimi na tumbo langu namfuata nahema. Jina langu lilipoitwa, akaziba mlango.

"Shikamoo, Mama," daktari akamwamkia.

"Marahaba. Kwetu hata rubisi, pombe ya ndizi, mwenye nyumba huonja kwanza ndipo mgeni anywe. Huyu aliye tumboni ni mgeni. Nipime mimi. Nikitoka salama, ndipo umguse huyu."

Benchi lote likaangua kicheko. Sista Eustadia akamshika mkono haraka, akamwingiza kabla hajabadili nia.

Mimi sikukutwa na kitu. Yeye wakamkuta na kidonda. Bado ni kidogo, daktari akasema, lakini asichelewe. Mbonimpa akampeleka hospitali kubwa, akafanyiwa operesheni. Miezi miwili sikusikia mtu wa kunigombeza pale nyumbani, na sikupenda hata kidogo.

Akarudi amekonda, mdomo uleule. Nikampakatisha mjukuu wake, wa siku nne. Moyo ukanisuta.

"Mama, nisamehe. Haikuwa lazima. Nilikudanganya."

"Kwani sikujua?" akasema, macho hayamtoki mtoto. "Uongo wako hata mbuzi angeujua. Nilikuwa naogopa, Jovitha. Nilikuwa naogopa kwenda peke yangu. Nikasema, huyu mkaidi akinipa kisababu chochote, nitakishika."

Nikaangua kilio, mtoto naye akaanza, Kantengwa akatufokea wote wawili tunyamaze.