Kidole Gumba cha Kamene

Kamene alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Kiganjo, na ukimletea simu iliyoganda, hata kifuniko hafungui. Anaitazama, anacheka. "Hii haijaharibika. Umefungua vitu vingi na hujafunga." Kisha anavisukuma juu kwa kidole gumba, kimoja kimoja, fyu, fyu, na simu inaamka.

Mwenyewe sasa alikuwa ameganda mara tatu mbele ya ubao wa mtihani wa udereva, ule uliochorwa mji, ambapo mtu mzima anasukuma kigari cha kuchezea huku polisi akimkodolea macho. Barabarani Kamene alikuwa dereva hodari. Kwenye ubao, kichwa kilibaki kitupu.

Leo ilikuwa mara ya nne, na hakuna ya tano. Duka moja la simu Ruiru lilikuwa limempa kazi ya kuzunguka Membley na Kahawa Sukari na gari la duka, akitengeneza simu za wateja mlangoni kwao. Aripoti kesho na leseni. Akikosa, kazi ni ya mwingine.

"Toka hapa, pitia raundabauti, uegeshe hospitali," alisema Afande Sifuna, polisi wa mtihani.

Kamene akashika kigari. Mkono ukakataa. Kichwani, mama yake, Kavindu, alikuwa akimwombea kwa sauti. Kina mama wa kanisa walikuwa wakiitikia. Mwalimu Mburu wa udereva alipiga kelele, "Kioo, Kamene, kioo!" na shemeji yake Nzioki alikuwa pembeni, anacheka tu.

Hapo fundi akautambua ugonjwa. Hii haijaharibika, alijiambia, nusura acheke.

Akainua kidole gumba hewani. Nzioki, fyu. Mwalimu Mburu, fyu. Kina mama wa kanisa walikuwa wazito, ikabidi atumie vidole viwili. Kwa mama yake, Kamene aliomba radhi kwanza.

"Madam, unafanya nini?"

"Nafunga watu, afande. Nilikuwa nimehang kama simu."

"Umemaliza?"

"Amebaki mmoja."

Alikuwa ameshafika mbali mno kurudi nyuma. Akainua kidole mbele ya uso wa Sifuna. Fyu.

Afande akasogea kando. Kigari kikatoka, Kamene akitoa mlio wa indiketa kwa mdomo, tik, tik, tik. Kikazunguka raundabauti vizuri, kikaegeshwa hospitali bila kugusa mstari.

Sifuna alitia sahihi fomu ya kufaulu, polepole.

"Na mkubwa wa kazi," akauliza kwa sauti ya chini, "anafungwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Lakini huyo hurudi, afande. Unamsukuma kila asubuhi."

Kamene alitoka nje akirukaruka, fomu kifuani. Alipopita dirishani akachungulia. Sifuna alikuwa peke yake kando ya ubao, kofia kwapani. Akainua kidole gumba, akasukuma. Akangoja kidogo. Kisha akasukuma tena, kwa vidole viwili.