Mdomo wa Nguruwe

Tangu alfajiri Nzembi hakuweza kukaa kitako. Alifagia chumba mara tatu, akachungulia barabara ya Shauri Moyo, akarudi kumtazama nguruwe wa mbao juu ya kabati. Kesho Ndete, bintiye, alikuwa anaingia kidato cha kwanza, na karo yote ilikuwa tumboni mwa mnyama huyo.

Nyanya yake Nzembi kule Mwingi alificha pesa ndani ya kibuyu, chini ya mafiga. Mama yake alitumia mkebe wa kakao, na kifuniko cha mkebe kina tabia mbaya ya kufunguka. Basi Mutunga, mumewe Nzembi na mchonga vinyago, alipoulizwa na mzungu mmoja kama ana nguruwe wa kuwekea pesa, alicheka hadi machozi, kisha akachonga wawili: wa mzungu na wa nyumbani. Huyu wa nyumbani hakumwekea mlango wowote, ila mdomo wa kutumbukizia pesa.

"Hata mimi nikizitaka, lazima nimpasue," alijigamba.

Miaka minne Nzembi alimlisha sarafu na noti, akamtia na vitambaa ili asilie, mwizi akasikia.

"Baba Ndete, leta shoka."

"Ngoja jioni, Mama Ndete. Haraka ya nini?"

"Karani wa shule naye atangoja jioni?"

Mutunga alizidi kusugua. Alikuwa akimpiga msasa twiga yule yule wa mbao tangu asubuhi, shingo imekonda kama ufito.

Nzembi akamshusha nguruwe mwenyewe. Jioni zote alitumbukiza pesa tu akaenda zake. Leo kidole kilipita mdomoni mwa nguruwe, kibanzi kikamchoma. Miaka minne ya sarafu ingekuwa imelainisha mdomo ule. Huu ulikuwa mpya. Akachukua shoka.

Zilimwagika sarafu za mwezi mmoja, vizibo vya soda na vile vitambaa vyake.

"Nilimpasua wa kwanza, nikanunua gogo la mpingo," Mutunga alisema. "Tajiri aliyeagiza kazi hakurudi. Nilidhani nitazirudisha kabla ya Januari."

Nzembi aliviokota vipande, akavikutanisha. Pajani pa nguruwe huyu palikuwa na ile alama ya kisu, aliyoikata Ndete kwenye yule wa kwanza siku moja akimenya viazi.

Kosa la gogo angemsamehe. Lakini alama ile Mutunga aliketi akaichonga taratibu, huku yeye akimpikia.