Mume Wangu Anasahihisha

Mume wangu anafundisha fasihi, na kazi hiyo haiishii shuleni. Nyumbani kwetu habari haipokelewi mpaka iwe na wahusika, mandhari, mgogoro na kilele, kwa mpangilio huohuo. Siku sufuria ilipoungua nikamwita aje haraka, aliniuliza kwanza mandhari ni wapi. Mandhari yenyewe ilikuwa imejaa moshi, tunakohoa wote wawili.

Mimi ni mkunga. Wanawake hunisikiliza hata wakiwa katikati ya uchungu. Yeye, mzima wa afya na amekaa kwenye kiti, hasikii.

Jioni moja nilikuwa na jambo zito. Hospitali ya mji wa mbali ilinitaka nikasimamie wodi ya wazazi, na jibu lilitakiwa asubuhi. Sikutaka kwenda. Nilitaka tu aniambie "usiende", basi, nilale kwa amani. Nilimkuta mezani, kalamu nyekundu mkononi, insha za wanafunzi zimemzunguka.

"Mwalimu, nimepewa kazi mbali."

"Umeanzia katikati, mama. Nani kakupa, na wapi?"

Nikaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamtaja daktari mkuu, nikaeleza hospitali ilivyo, mpaka rangi ya milango. Akaitikia kwa kichwa.

"Mgogoro?"

"Nikienda, tutaonana kwa nadra. Labda likizo kwa likizo."

"Huo mgogoro mzuri. Kilele je?"

"Kesho asubuhi nawajibu. Sasa wewe unasemaje?"

Akaweka kalamu chini. Nikajisemea leo mume nimempata. Akavua miwani, akaifuta kwa shati taratibu.

"Nisikufiche," akasema. "Hadithi umeijenga vizuri, ila ina kasoro moja kubwa. Huyo mke anasitasita mno, na sioni kinachomzuia. Msomaji atajiuliza, anabaki kwa ajili ya nini?"

Iliniuma, nisiseme uongo. Nikamtazama, nikingoja acheke, au angalau ashtuke kwa alichokisema. Akavaa miwani yake.

"Umenisaidia, mwalimu," nikamwambia, nikaenda chumbani kushusha sanduku kutoka juu ya kabati.

Akaniita. Nikarudi mbio mpaka mlangoni, mjinga mimi, bado nina tumaini.

"Dhamira," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye insha. "Hujataja dhamira."

Nikarudi kukunja nguo zangu.