Ncha Kumi na Moja za Saa ya Mnara

Verna Tuttle alifungua kifuniko cha shaba kwenye kitako cha mpini, akaiinamisha bisibisi juu ya kiganja, na ncha kumi na moja za kubadilishia zikamwagika zikimetameta. Papo hapo akajua ameibiwa. Ncha za baba yake zilikuwa nyeusi, kila moja na sura yake, na aliweza kuzitambua kwa kidole gumba huku amefumba macho. Hizi zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya harusini.

"Merle," alisema peke yake juu ya mnara wa kanisa, na njiwa wakaruka. "Mshenzi wewe, Merle."

Merle alikuwa mdogo wake, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, mkusanyaji wa bisibisi za kale. Nyumba yake imejaa bisibisi mpaka jikoni, na hajui kufunga hata bawaba ya kabati lake. Wiki mbili zilizopita alikuja na sauti ya kubembeleza, akaazima bisibisi ya baba aipeleke kwenye maonyesho ya vifaa vya zamani katika ukumbi wa zimamoto. Jana jioni aliirudisha kama alivyoahidi, ikiwa imefungwa utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza. Verna hakuifungua. Nani hukagua kitu alichorudishiwa na ndugu yake wa tumbo moja?

Saa ile ya mnara aliitunza baba yao miaka arobaini, na yeye Verna sasa ilikuwa miaka ishirini na miwili. Skrubu zake zilichongwa kwa mkono na mhunzi aliyekufa zamani, na mfuo wa kichwani mwa kila skrubu una upana wake na kina chake. Kwa hiyo baba alikaa na tupa, akaichonga kila ncha ikae kwenye skrubu yake moja tu, mashavu ya ncha, yaani pande zake mbili bapa, yakiwa yamenyooka ili ishuke mpaka chini na kuujaza mfuo wote. Ncha za kiwandani zimechongoka kama kabari. Ukizikandamiza hupanda juu, huteleza, na huutafuna mfuo.

Jumatano pini ya nyundo inayopiga kengele ilikatika na saa ikaacha kulia. Halmashauri ya mji, ambayo siku nyingi ilikuwa inaimezea mate nafasi ya kuweka mota ya umeme, ilimwambia Verna waziwazi: isipolia yenyewe saa sita mchana Jumamosi, Jumatatu mafundi watakuja kung'oa mitambo yote. Jumamosi ndiyo leo. Pini mpya alishaichonga, ilikuwa mfukoni. Ilibaki kufungua skrubu moja tu iliyoshika mkono wa nyundo.

Alichagua ncha iliyokaribia kulingana na mfuo, akaipachika, akakandamiza kwa kifua kizima. Ikateleza. Mdomo wa mfuo ukapata jeraha jeupe, na Verna akahisi heri lingekuwa kwenye mkono wake. Mara moja zaidi hivyo, na skrubu ile isingefunguka tena mpaka kiama.

Hakujaribu tena. Alichukua kipande cha mshumaa wa kanisani, akakifumbata mpaka kikalainika, akakishindilia kwenye mfuo, kisha akakichomoa polepole. Nta ilitoka na umbo la mfuo, kama ulimi mdogo. Akaiweka ndani ya kiberiti kitupu, akarudisha ncha zote ndani ya bisibisi, akateremka nayo ngazi huku meno yamekazana. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Ukumbi wa zimamoto, ambako maonyesho yalikuwa bado yanaendelea, ulinuka kahawa, donati na mafuta ya kung'arishia mbao. Wazee waliinamia meza, wakishika vifaa kwa ncha za vidole. Merle alipomwona alitanua mikono.

"Dada! Umekuja na bisibisi! Mzee Quimby anataka kuipiga picha."

"Ncha za baba ziko wapi?"

"Zipi?"

"Usinifanye mtoto, Merle. Zilizokuwa ndani ya mpini."

"Aa, zile!" Merle alicheka. "Dada, zile zilikuwa zimekwisha. Mtu alizipiga tupa ovyo, hakuna hata moja yenye umbo la kiwandani. Majaji wangenicheka. Miaka mitatu nimetafuta seti ambayo haijagusa skrubu hata siku moja. Nimeipata, nimekuwekea bure, halafu unakuja na uso huo?"

"Mtu gani alizipiga tupa?"

Merle akageukia meza, akaanza kunyoosha kitambaa.

"Si umesema mtu? Mtaje jina."

"Baba," Merle alisema, na sauti ikawa ndogo.

"Ziko wapi?"

"Nilizitia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Lori lilipita Jumanne."

Hasira ilimpanda Verna mpaka masikio yakavuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kumpiga mtu kofi mbele ya watu. Badala yake aligeuka, akaenda kwenye meza ya mnoaji aliyekuwa akionyesha watu namna ya kunoa patasi. Akaibana ncha moja ya seti ya Merle kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akachukua tupa bila kuomba.

Mlio wa kwanza wa tupa ulinyamazisha ukumbi wote.

"Mama! Mama, unafanya nini?" Mzee Quimby, mwenyekiti wa majaji, alikuja mbio na kikombe cha kahawa kikimwagika. "Hiyo ina miaka mia! Haijawahi kutumika!"

"Basi imepumzika vya kutosha."

"Merle, mzuie dada yako!"

Merle alimshika kiwiko. Verna hakuinua macho. "Toa mkono wako, Merle, la sivyo itakayofuata kwenye jiliwa hii ni pua yako."

Merle akatoa mkono. Verna aliburuza tupa, akapima kwa nta, akaburuza tena. Alinyoosha shavu moja, akanyoosha la pili. Vumbi la chuma lilidondoka juu ya kitambaa cheupe, na mzee mmoja akatoka nje kwa sababu hakuweza kutazama. Mnoaji peke yake ndiye aliyeelewa. Alimsogezea jiwe la kunolea. Kazi ilichukua saa nzima na ushee. Alipomaliza, ncha ilikuwa na upana na unene uleule wa ulimi wa nta.

Alipanda mnara na Merle nyuma yake, akihema na kulalamika. Merle alikuwa hajakanyaga huko tangu utotoni. Alikuwa akiwaogopa njiwa.

Verna aliweka ncha kwenye mfuo. Ikashuka mpaka chini. Alikandamiza, akageuza, na skrubu ikalia kidogo, kisha ikafuata mkono kwa utulivu kabisa. Merle aliacha kulalamika. Alisogea karibu, akaangalia ile ncha iliyouma skrubu, kisha akazitazama skrubu nyingine, moja baada ya moja.

"Kumbe kila moja ilikuwa na yake," alisema.

Verna alipachika pini, akafunga skrubu, akafuta mikono. Saa sita ilipofika nyundo iliinuka yenyewe, na kengele ikapiga mpaka mbao za sakafu zikatetemeka. Merle aliziba masikio. Huko chini mtu alipiga makofi, huenda ni mnoaji.

Kimya kiliporudi, Verna alizipanga ncha kumi zilizobaki kwenye ukingo wa dirisha. Akaweka pembeni mshumaa, na tupa aliyokuwa amekuja nayo bila ruhusa ya mwenyewe.

"Bado kumi," alisema.

Merle aliziangalia, na uso ukamshuka. "Dada, tafadhali. Hizi hazipatikani tena popote duniani."

"Na za baba je?"

Njiwa wakaanza kurudi mmojammoja kwenye boriti juu ya vichwa vyao. Kisha Merle akauchukua mshumaa, akaufumbata mkononi upate joto, akauliza aanze na skrubu gani.